Harusi ya Trufosa na Ukuta wa Holi

Nakumbuka Jumatatu moja pale Shauri Moyo, mwanangu, tulipokwenda kufagia holi ya mtaa kwa ajili ya harusi ya nyanya yako Trufosa, na mlango ukakataa kufunguka. Mtunza holi aliusukuma kwa bega, akaupiga teke, kisha akatugeukia sisi wanawake tuliosimama na ndoo na fagio zetu kana kwamba sisi ndio tuliomroga. "Unavimba huu mlango," akasema. "Nimeuranda, nimeuranda tena, bado unavimba tu. Leo nitauranda mpaka ukome." Akaenda kuleta randa yake, maranda yakaanguka sakafuni, mlango ukafunguka, nasi tukapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni mbao gani hiyo inayovimba katikati ya kiangazi, jua likiwaka hadi mabati yanalia.

Kula kwanza hicho chakula. Neema, nakwambia kula. Tangu uliporudi jana kutoka kazini unachezea ugali kama mtoto mwenye homa, na mimi nikiwa huku jikoni nakusikia ukihema. Najua ni ule ukuta wa shule ya chekechea. Wamekupa kazi ya kukagua kuta za majengo ya watu wengi, shule na zahanati na kumbi, na huu wa kwanza tu tayari umekukosesha usingizi. Unasema wakubwa wako wanataka utie sahihi kabla ya Ijumaa, kwa kuwa wageni wamealikwa na watoto wameshafundishwa nyimbo za kuwapokea. Nikakuuliza, wewe mwenyewe unauonaje? Ukanijibu, "Nyanya, sijaridhika nao. Lakini ofisi nzima imenikasirikia. Hata wale walimu hawanisalimii."

Basi nisikilize. Wewe ni mjukuu wa dada yangu, lakini mdomo wangu umezoea kukuita mwanangu, na leo nitakuita hivyo mpaka uchoke. Injinia ni wewe. Mimi nimeuza mitumba Gikomba maisha yangu yote, na ukiniuliza habari za vyuma na mahesabu nitakuangalia tu. Ila habari ya kukasirikiwa kwa sababu ya ukuta naijua vizuri sana, maana nilikuwa upande wa waliokasirika.

Shauri Moyo ya wakati ule ilikuwa tamu, we acha tu. Sasa hivi nakaa hapa Mowlem juu ghorofani, jirani namjua kwa viatu vyake tu anapopita mlangoni. Kule tulijuana hadi harufu za sufuria. Nyumba zilipangana zimetazamana, katikati kuna uwanja, na ukitoka nje asubuhi unasalimia kila mtu mpaka sauti inakauka. Kutoka upande wa Gikomba ulisikia nyundo za mafundi wa masanduku ya bati, koko-koko-koko, kutwa nzima, hata mtu ulisahau kwamba ni kelele. Jumapili zikinyamaza ndipo tulipozisikia.

Na holi ndiyo ilikuwa sebule ya mtaa mzima. Ukuta wake wa mawe, paa la mabati, madirisha makubwa yenye vioo vya mraba. Hapo ndipo wavulana walipojifunza ndondi, ndipo tulipokusanyika mtu akifiwa, ndipo wazee wa Kiislamu walipofanyia Maulidi na sisi tukafanyia Krismasi, na asubuhi za wiki watoto wadogo walifundishwa humo kusoma. Kama hukuolewa kwenye holi, watu waliuliza kama kweli umeolewa.

Nyuma ya holi palikuwa na mfereji wa maji, na kandokando ya ukuta, kuanzia mferejini hadi kwenye kona, mama yetu alikuwa na bustani. Ah, bustani ile! Sukuma wiki zenye majani ya kufunika uso wa mtu, kunde, mrenda. Kina mama wote walipofua nguo waliyamwaga maji kwenye mboga za mama, kwa upendo kabisa, kwa sababu baba alikuwa amefariki na kila mtu alijua kwamba bustani ile ndiyo iliyotulisha. Asubuhi maji, jioni maji. Mboga zilishiba, na sisi tukashiba. Mpaka leo nikinunua sukuma sokoni naona hazina ladha, na sio kwamba ulimi wangu umezeeka, usianze.

Sasa nikupe mtu mmoja ambaye bila yeye hadithi hii haipo. Mzee Ramadhani. Alikuwa jirani yetu wa mlango kwa mlango, na rafiki wa baba tangu ujana wao. Kazi yake ilikuwa kama yako, inspekta wa majengo, akizunguka kwa baiskeli kukagua kumbi na shule na zahanati. Mrefu, mkavu, kofia nyeupe ya mkono iliyoshonwa na mkewe, na mdomo mchungu kuliko shubiri. Mtoto akikojoa kwenye ukuta wa umma, Mzee Ramadhani angemtoa mbio hadi kwa mama yake, na mama naye angepata sehemu yake ya maneno. Lakini baba alipokuwa kitandani akielekea kufa, alimshika mkono akamwambia, "Ramadhani, hao ni wako." Naye Mzee akasema, "Nimepokea." Na kweli alipokea. Alimfuata Trufosa shuleni alipougua. Wakwe walipokuja kujitambulisha kutoka Kakamega, ni yeye aliyekaa kwenye kiti cha baba akazungumza nao. Kwa hiyo ilipofika harusi, hakuna aliyeuliza nani atawapokea wageni holini. Ni Mzee Ramadhani, ataketi mahali pa baba, chini ya dirisha kubwa.

Jumatatu hiyohiyo, baada ya kufagia, tukauona ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha hilo kubwa, ukateremka kwa mshazari kuelekea sakafuni, mwembamba juu na mnene chini. Haukuwa mgeni, tulikuwa tumeuona siku nyingi tukauzoea kama mtu anavyozoea kovu la usoni kwa jirani. Lakini sasa wakwe wanakuja! Trufosa akasema hawezi kuolewa mbele ya ukuta uliopasuka, watu wa Kakamega watasema Nairobi tunaishi kwenye magofu. Akatafuta simiti kwa mafundi, akauziba kwa mikono yake mwenyewe, akapaka chokaa ukuta mzima. Ukang'aa. Alisimama katikati ya holi, chokaa puani na kwenye nyusi, akicheka. Nilimpenda dada yangu siku ile mpaka machozi yakanitoka.

Mzee Ramadhani alikuja jioni kuona mahali atakapokaa. Aliingia akitabasamu, akasifu, akasifu tena. Kisha akausukuma mlango kuufunga, akauangalia juu, akauangalia chini, akapitisha kidole palipokuwa pamerandwa. Tabasamu likamtoka. Akauliza, "Huu umerandwa lini?" Mtunza holi akamwambia. Akauliza, "Na kabla ya hapo?" Akamwambia hata kabla ya hapo ulikuwa ukirandwa. Mzee akauacha mlango. Alitembea polepole kuufuata ukuta, akiugonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu na jiwe, hadi akafika chini ya dirisha. Hapo akasimama.

"Nani amepaka chokaa hapa?"

"Mimi, baba," Trufosa akasema, bado anacheka.

"Umepaka vizuri," akasema. "Niletee kipande cha kioo."

Tulidhani anatania. Akakata kipande chembamba kutoka kwenye kioo kilichovunjika cha dirisha, akakibandika kwa simiti kukatiza pale ufa ulipokuwa, upande huu simiti na upande ule simiti, kama plasta ya kidonda. Akatuambia tusikiguse. Kama ukuta umetulia, kioo kitakaa. Kama unatembea, hata kidogo tu kisichoonekana kwa jicho, kioo kitapasuka, kwa sababu kioo hakijui kuvumilia.

"Lakini kitaharibu sura, baba," Trufosa akalalamika.

"Kitaharibu," akakubali.

Jumatano tukakikuta kimepasuka. Trufosa akasema ni watoto na mpira wao, na mimi nikamuunga mkono, ingawa mpira sikuuona. Mzee Ramadhani akakikagua. Akakuta mstari wa kioo umefuata mstari wa ufa. Akapanda ngazi akabandika kingine juu kabisa, mahali ambapo mtoto hafiki wala mpira. Alhamisi asubuhi nacho kilikuwa vipande viwili. Akatoa kamba yenye jiwe la chuma, timazi, akaiachia kutoka juu ya dirisha, na hata mimi nisiyejua kitu niliona. Kamba ilining'inia wima, na ukuta ulikuwa umeiachia nafasi chini ukaikaribia juu. Ulikuwa unainama ndani, kuelekea mahali pa baba.

Alifunga holi kwa kufuli lake mwenyewe, akatia funguo mfukoni. Siku mbili kabla ya harusi! Eti mwanangu, unajua harusi ni nini kwenye mtaa kama ule? Mchele ulikuwa umeshachaguliwa mawe na kina mama wa nyumba ishirini. Wakwe walikuwa njiani. Mtaa mzima ukatoka nje. Wengine wakasema amezeeka, wengine wakasema ni Mwislamu, hataki harusi ya kanisa ifane, neno la aibu lililosemwa na watu waliokuwa wakila Idi nyumbani kwake. Yeye alisimama mlangoni na kofia yake, akiwasikiliza.

Mama yangu hakuwa mtu wa kelele. Alimkaribia, akamwambia kwa sauti ya chini iliyotuumiza wote, "Ramadhani, unanivua nguo mbele ya wakwe. Marehemu angekuwa hai, usingenifanyia hivi."

Mzee akamgeukia. Akasema, "Shemeji, marehemu angekuwa hai, angeketi pale. Chini ya lile dirisha."

Mama akageuka akaingia ndani. Trufosa akaingia kitandani, akajifunika shuka hadi kichwani, akakataa kula. Na mimi nikaona mambo yakiachwa hivyo dada yangu atakufa kwa hasira. Nikapika chapati laini, zile alizozipenda Mzee Ramadhani, nikazifunika kwa kitambaa, nikampelekea. Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilikwenda kumlainisha.

Nilimkuta nyuma ya holi, amechuchumaa kwenye bustani ya mama, anachimba kwa mwiko wa fundi. Akaosha mikono mferejini, akala chapati ya kwanza, akasema mkono wangu umekuwa kama wa mama. Ndipo nikamwaga yangu. Nikamwambia, "Mzee, ukuta huu umesimama tangu sijazaliwa. Hauwezi kusimama Jumamosi moja tu? Tufungulie. Watu waingie, wale, wacheze, watoke. Jumapili ufunge hata mwaka mzima, hakuna atakayekulaumu. Watu wote wanakupenda, kwa nini ujiharibie jina kwa siku moja?"

Aliiweka chapati chini. Mwanangu, nimekaripiwa na watu wengi, nimetukanwa na makanga wa matatu na polisi na wateja wa mitumba, lakini maneno ya mzee yule ndiyo ninayoyasikia mpaka leo.

"Selina," akasema, "wewe unataka nipendwe Jumamosi. Mimi nataka muwepo Jumapili. Muamke, mkae hapo nje mkinisengenya, mseme Ramadhani ametuharibia harusi, Ramadhani hana akili. Nitawasikia kutoka dirishani kwangu, na nitakunywa chai yangu. Unanielewa? Nikiwafungulia ili mnipende, na ukuta ule uwaangukie, nitampelekea nani huo upendo? Baba yako alinipa watoto. Hakunipa jina la kulinda."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alinishika mkono akanipeleka ukutani. "Gonga hapa," akasema. Nikagonga, jiwe likajibu kavu, zito, kama mlango wa nyumba yenye watu. "Sasa gonga hapa." Nikagonga chini ya dirisha. Sauti ikarudi tupu, kama debe. Nikagonga tena kwa sababu sikuamini. Akaniambia mawe ya nje na mawe ya ndani yameachana, katikati hamna kitu cha kuyashikilia, na kila upande unadhani mwenzake amebeba paa.

Kisha akanionyesha shimo alilochimba. Unaujua udongo wetu mweusi wa Eastlands, wewe ndiye umesomea. Ukinywa maji unafura, ukikauka unapasuka hadi unameza kiatu. Upande wote mwingine wa holi udongo ulikuwa umekauka kama tofali. Hapa, chini ya sukuma wiki za mama, ulikuwa uji. Mawe ya msingi yalikuwa yamekaa kwenye uji, ukuta ukihama na kuubana mlango.

"Haya maji yote," akasema taratibu, "yanaingia chini ya ukuta."

Nikaelewa, na nilitamani nisingeelewa. Upendo wa mtaa mzima, ndoo kwa ndoo, miaka na miaka, ulikuwa umemwagwa pale. Hakuna aliyekosea kwa ubaya. Kila mama aliyemwaga maji alikuwa akitulisha sisi yatima. Nikamuuliza nani atamwambia mama. Akasema atamwambia yeye, na kwamba mimi nimalizie chapati.

Sikusikia alichomwambia. Niliona tu mama akitoka na panga jioni ile, akazing'oa mboga zake zote kwa mkono wake, shina kwa shina, akagawa majani kwa wapishi wa harusi. Alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa mfereji akafuta panga kwa majani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia badala yake.

Na usidhani Mzee Ramadhani alifunga mlango akaenda kulala. Hapo ndipo wengi wanaharibu, nisikie vizuri. Ijumaa nzima alizunguka Gikomba kwa baiskeli yake akiomba maturubai kwa wafanyabiashara anaowajua. Wengine walimpa, wengine walimcheka. Akaleta vijana wa kazini kwake na miti ya mikaratusi, wakaegemeza ukuta kwa ndani na kwa nje, wakazungusha kamba mtu asikaribie. Benchi za holi zilikuwa zimebaki ndani, akaomba za madrasa ya msikitini kwake. Akafunga maturubai kutoka nyumba hii hadi nyumba ile juu ya uwanja wetu, umri ule, amepanda meza, kofia imeinama upande. Wale waliomtukana Alhamisi wakaanza mmoja mmoja kumshikia kamba.

Jumamosi mvua ikanyesha. Ndiyo, mvua ya kwanza ya msimu! Kiangazi chote hakuna hata wingu, na siku ya harusi ya dada yangu mbingu zinafunguka. Maturubai yalijaa maji yakaning'inia kama matumbo, tukawa tunayasukuma kwa mipini ya fagio, na maji yakimwagika yanampata shangazi wa bwana harusi. Tope likashika viatu vya watu. Wapishi waliufunika wali kwa karai. Trufosa alizunguka na gauni lake jeupe lenye mstari mweusi wa tope hadi magotini, uso umevimba, na alipofika mbele ya Mzee Ramadhani, aliyekuwa amesimama na mwavuli kuwapokea wakwe tangu asubuhi, alipita bila kumwamkia. Mbele ya watu wote. Mzee aliusogeza tu mwavuli ili usimguse shela.

Ile picha pale ukutani, juu ya televisheni, ndiyo ya siku ile. Umeiona tangu utoto wako na umekuwa ukicheka kwa nini watu wote wamenuna kwenye harusi. Sasa unajua. Ile miti nyuma yao, uliyokuwa ukidhani ni mapambo, ndiyo ya Mzee Ramadhani.

Na ukuta haukuanguka. Hilo ndilo lililomponza. Mvua ilipita, holi ikabaki imesimama kwa magongo yake, na watu wakasema, "Si mnaona? Ukuta wenyewe mzima!" Wakampa jina, Mzee Mwoga. Watoto walimwimbia akipita kwa baiskeli. Mafundi walipokuja kuubomoa upande ule ili wajenge upya, niliwaona wakitoa mawe ya chini ya dirisha kwa mkono, bila nyundo, kama mtu anavyotoa viazi guniani. Katikati ulitoka mchanga mtupu. Lakini waliokuja kutazama walikuwa wachache, na jina la Mwoga liliendelea kwa muda mrefu. Nikamuuliza siku moja kama halimuumi. Akacheka, mzee aliyecheka kwa nadra, akaniambia, "Nawasikia kutoka dirishani. Nakunywa chai yangu."

Trufosa alimnunia mpaka mtoto wake wa kwanza, mama yako mkubwa huyo, alipofikia umri wa kupelekwa shule ya watoto pale holini. Asubuhi ile alimvisha, akamshika mkono, akafika mlangoni akasimama. Akamwacha mtoto kwangu. Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa Mzee Ramadhani, akapiga magoti pale nje kama msichana mdogo, akasema, "Shikamoo, baba. Nimekuja kukuuliza kama ule ukuta uko sawa." Mzee akamwinua. Wakaenda wote wawili, nikawafuata na mtoto mgongoni, na nikamwona dada yangu akigonga ukuta kuanzia mlangoni hadi kwenye kona, sikio karibu na jiwe, analia na kucheka. Ukajibu mzito kila mahali. Ndipo akamwingiza mtoto.

Mzee alikufa akiwa mzee sana, kitandani kwake, Mungu amrehemu. Nilimpikia chapati mpaka mwisho.

Sasa, mwanangu, nikwambie niliyobaki nayo. Kesho ukifika kwenye ile shule, usianze na wakubwa. Mtafute mama anayefagia, mwulize mlango gani unamsumbua, dirisha gani halifungi siku hizi. Fuata maji, uone ya mvua yanakimbilia wapi na ya mfereji yanaingia wapi, na ukikuta kibustani cha mtu ukutani, mwondolee kwa heshima, maana huenda kinalisha yatima. Rangi mpya isikupendeze haraka. Bandika vioo vyenu, au hizo mashine mlizo nazo sasa, kisha uzipe muda wa kusema, hata kama wageni wameshavaa suti. Ukiona hujaridhika, usitie sahihi. Na ukifunga, usiwafungie ukaenda zako. Baki nao. Watafutie turubai, beba benchi, simama na mwavuli, na anayekupita bila salamu msogezee mwavuli usimguse shela.

Watakununia, hilo sikufichi. Kazi yako ikiwa nzuri, hakuna kitakachotokea, na kwa hicho kisichotokea hakuna atakayekushukuru. Utaumia. Njoo hapa nyumbani uumie, nitakupikia chai.

Kisha simama uitazame picha ile tena. Mama yangu yule, midomo ameikaza. Shangazi mwenye kilemba kilicholowa. Bwana harusi na viatu vyake vya tope. Trufosa, aliyenuna kuwashinda wote. Mimi huyo pembeni, nimevimba macho. Nimekaa nikawafikiria mmoja mmoja, mwanangu. Kila aliyenuna siku ile alizeeka.

Haya, Mungu akutangulie kesho. Akupe jicho la kuona na moyo wa kustahimili. Na akujalie watu wengi wa kukununia, Neema wangu, na wote wazeeke.